Nimepanga gofu kwenye safari yetu ya Venice, mke wangu kasema "sawa" tu

SWALI

Shikamoo dada. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo nimeona niandike maana wiki ya pili hii silali vizuri, na jambo lenyewe mwingine akilisikia ataliona dogo ila kwangu ni kubwa.

Mi ni mtu wa Dar, naishi Munich mwaka wa saba huu, nafanya kazi kwenye bohari la vipuri vya magari. Mke wangu ni mtu wa Tanga, kanifuata huku miaka miwili iliyopita, yuko jikoni kwenye nyumba ya kulelea wazee. Oktoba hii tunatimiza miaka 10 ya ndoa na toka tuoane hatujawahi kusafiri sisi wawili tu, safari zetu zote ni nyumbani, ni harusi au ni msiba. Sasa mwaka mzima nimekuwa naweka akiba kimya kimya, nikasema safari hii nampeleka Venice, tunaondoka Ijumaa asubuhi kwa treni tunarudi Jumatatu, kila mtu kazini kwake kaomba Ijumaa na Jumatatu na tumepewa.

Tatizo ni gofu. Dada naomba unielewe hapa. Nikiwa na miaka 13 nilikuwa kedi pale Gymkhana, nabeba mabegi ya wachezaji siku za wikendi ili nipate hela ya daftari, na wale wazee walikuwa wanasimuliana wamecheza wapi na wapi, huyu Scotland, huyu Italia kwenye kisiwa unaenda na boti, mi niko nyuma yao na begi begani nasikiliza. Nilijiapia kimoyomoyo kwamba siku moja na mimi. Nilipofika huku nikajifunza, nikafanya ule mtihani wao wa kuruhusiwa uwanjani nikapata kadi, sa hivi handikapu yangu, ile namba ya kupima kiwango cha mchezaji, ni 31, yani bado najifunza. Fimbo zangu nimenunua moja moja, za mtumba karibu zote, na nazipenda kwa kweli. Hii habari ya ukedi mke wangu sijawahi kumsimulia vizuri, anajua nacheza gofu na watu wa kazini basi, sijui kwa nini sijamwambia, nadhani niliona aibu.

Sa nikapanga hivi: Jumamosi nacheza Alberoni, kule kisiwa cha Lido, Jumapili nacheza Ca' della Nave huku bara, Martellago. Hoteli nimeona moja Mestre, nako ni huku bara, bei nafuu. Nikamwonyesha ratiba yote kwenye simu nikiwa na furaha zangu, akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "na mimi nitakuwa wapi?" Nikamjibu utatembea mjini, mji mzuri sana ule. Akasema "sawa". Basi. Toka siku hiyo hajaigusa tena hiyo safari, na koti alilokuwa kalinunua kwa ajili yake nikakuta kalirudisha dukani.

Washkaji wawili nimewaambia, mmoja anasema wanawake ndo walivyo atazoea akifika, mwingine anasema futa gofu yote uokoe ndoa. Mi nashindwa. Hoteli na viwanja sijalipia bado, treni tu ndo nimekata na tiketi inabadilishika. Nifute? Na kama sifuti, nipange vipi, fimbo zangu nibebe, na kwa handikapu ya 31 hao Waitaliano watanikubali kweli? Naomba jina langu lisitoke.

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa miaka 10.

Usifute gofu. Nakwambia mapema ili usome yanayofuata bila roho juu. Ila raundi moja, siyo mbili, na hiyo moja iwe ya Alberoni, na ratiba yote iliyobaki uigeuze kwa namna nitakayokueleza.

Nianze na hiyo "sawa" maana ndo imekunyima usingizi. Mkeo hakuuliza "kwa nini unacheza gofu", kakuuliza yeye atakuwa wapi, na wewe ukamjibu kuhusu mji. Mwanamke kaacha watu wake Tanga, kaja baridini, anashinda kwenye masufuria ya wazee wa watu, alafu safari ya kwanza ya maisha yenu ya wawili anaona siku mbili kati ya tatu anatembea peke yake kwenye mji ambao hata lugha yake haijui. Koti karudisha kwa sababu kaona safari siyo yake. Huyo mshkaji anayesema atazoea akifika hajui anachosema, atafika ndiyo, atakaa dirishani kwenye boti hajasema neno na wewe utapiga mipira yako roho haiko pale.

Na yule wa pili anayesema futa yote simkubali pia. Ukifuta, utaenda Venice umebeba kinyongo, kila mkikatiza maji utakuwa unatazama upande wa Lido. Ndoto ya mtoto wa miaka 13 haifutwi hivyo.

Kitu ambacho kimenigusa mimi kwenye barua yako yote ni kale kasentensi kwamba habari ya ukedi hujawahi kumsimulia vizuri. Mdogo wangu! Yani yeye anachokiona ni mume anayetaka kuchezea mpira na watu wa kazini, hajui kwamba kuna mtoto alisimama na begi la mtu begani akisikiliza habari za kisiwa unachoenda na boti. Umemwonyesha ratiba kabla ya kumwonyesha sababu. Mwambie. Na usimwambie ili akuruhusu kucheza, hilo atalinusa hapo hapo. Mwambie kwa sababu ni mkeo na hilo ni jambo lako kubwa, ukimaliza mwambie ratiba ile umeifuta unataka muipange upya pamoja, alafu nyamaza usikilize.

Sa tuje kwenye mambo ya njia, na hapa naongea kwa uhakika maana nimeishi Padova miaka sita, ukipanda treni Venice ni nusu saa, nimeenda mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na niliwahi kumsubiri mtu kwenye kibaraza cha klabu ya gofu masaa matano nikinywa kahawa moja baada ya nyingine kwa hiyo upande wa mkeo naujua.

Hebu tuihesabu Jumamosi yako kama ulivyoipanga. Hoteli iko Mestre. Kutoka Mestre treni hadi Santa Lucia, stesheni ya Venice yenyewe, ni dakika kama 10, unashuka unatembea mpaka kwenye gati la vaporetto, zile boti za abiria, unasubiri, unapanda ya namba 5.1 au 5.2 ambayo inazunguka kwa nje mpaka Lido, hiyo ni dakika 40 hivi (ukikosea ukapanda namba 1 inayosimama kila gati ni karibu saa zima), unashuka Santa Maria Elisabetta, gati la Lido, unasubiri basi namba 11, basi linakupeleka mpaka Alberoni mwisho kabisa wa kisiwa upande wa kusini. Weka kusubiri, weka kupotea kidogo, umeshatumia masaa mawili. Raundi ya mashimo 18 ni masaa manne na nusu kama watu wa mbele yenu hawachelewi. Kupasha mwili, kubadili viatu, kula, kurudi masaa mawili mengine. Umetoka saa moja asubuhi, unarudi saa kumi au kumi na moja jioni umechoka na miguu inauma, na jua la Oktoba linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Alafu Jumapili unarudia kitu hicho hicho upande wa Martellago, ambako bila gari utatafuta teksi kutoka Mestre. Mkeo angeiona Venice na wewe lini? Usiku wa kuamkia safari ya kurudi.

Ca' della Nave ni uwanja mzuri, umechorwa na Arnold Palmer, silaumu hamu yako, ila uko bara na unaweza kwenda siku yoyote na hao washkaji zako kwa gari kutoka Munich. Safari hii uache. Alberoni ndo wenyewe, ni gofu kwenye kisiwa unaenda na boti, na sitashangaa kama ndo kile walichokuwa wanasimulia wale wazee mbele yako. Pale klabuni wana hadithi yao kwamba Henry Ford, huyo huyo wa magari, alifikia hoteli ya Excelsior pale Lido na fimbo zake, akauliza uwanja uko wapi, akaambiwa hakuna, na Count Giuseppe Volpi aliyekuwa tajiri wa mahoteli akaona hilo halifai, ndo klabu ikaanzishwa 1928. Mwanzo yalikuwa mashimo tisa tu, yakafika 18 mwaka 1951. Uwanja umejengwa kwenye ngome ya zamani, utaiona, na chini ni mchanga kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanapotea haraka. Mashindano ya Italian Open yameshachezwa pale zaidi ya mara moja, ikiwemo 1974. Miti mingi, misonobari na mipopla, na upepo. Upepo wa pale wana majina yake kama sisi tulivyo na kusi na kaskazi, bora unatoka kaskazini mashariki na ni mkavu wa baridi, shiroko unatoka kusini mashariki umejaa unyevu, siku ya bora utaona mpira wako unakwenda ambako hujautuma. Kwa handikapu ya 31 ufurahie tu usihesabu sana.

Jambo la pili kubwa: badilisha siku. Badala ya Ijumaa mpaka Jumatatu, nendeni Alhamisi mpaka Jumapili. Ni siku mbili zile zile za ruhusa, mnabadilishana tu Jumatatu kwa Alhamisi, na faida yake ni nyingi. Wikendi vilabu vya Italia vinakuwa na mashindano ya wanachama, mgeni mwenye 31 anabanwa au anaambiwa saa ya kuanza ni alasiri, na ada nayo inapanda. Jumatatu usiitegemee, vilabu vingi vinafunga siku moja kwa wiki na mara nyingi ndo hiyo. Ijumaa ni siku ya kazi, uwanja una nafasi. Na kubwa kuliko yote, soko la samaki la Rialto linafunguliwa Jumanne mpaka Jumamosi asubuhi, Jumapili na Jumatatu limefungwa. Wewe ulitaka kumpeleka mtu wa Tanga Venice, Jumamosi asubuhi ukamwache peke yake na soko la samaki liko wazi! Hapana.

Na Mestre futa. Najua bei, najua kwa nini umeichagua, kwa mtu anayepita usiku mmoja sina neno, ila kwa ninyi lala Lido. Oktoba msimu wa kuogelea umeisha, tamasha la filamu limeisha mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo pale hakuna zile bei za kiangazi, tafuta kitu karibu na gati la Santa Maria Elisabetta. Kutoka pale mpaka gati la San Zaccaria, pembeni tu ya San Marco, ule uwanja mkuu wa mji, ni boti ya robo saa, na hiyo robo saa ndo uzuri wenyewe, unauona mji unakuja juu ya maji taratibu. Na Ijumaa asubuhi wewe uwanjani unafika kwa basi moja tu. Lido ina barabara na magari kama kawaida, hakuna kuvuta sanduku kwenye madaraja.

Ambalo linanileta kwenye fimbo. Venice ina madaraja zaidi ya 400 na karibu yote ni ngazi, hata lile jipya karibu na Santa Lucia, la mwaka 2008, ni ngazi. Kama mngelala mjini ningekukataza kabisa. Kwa sababu mnalala Lido na mtapanda boti palepale mbele ya stesheni bila kuvuka daraja, inawezekana, ila usibebe begi zima. Sheria ya gofu inasema fimbo zisizidi 14, haisemi zisipungue ngapi, kwa hiyo chukua saba, kwenye kile kibegi chembamba chepesi, ile ya kusukumia mpira shimoni usiiache, na mbili tatu unazozipenda zaidi. Ningeweza kukwambia ukodi za klabu, na ndo rahisi, uliza kwenye barua pepe kama wanazo, lakini mtu aliyenunua fimbo zake moja moja anataka kucheza uwanja huo na fimbo zake, naelewa. Mipira ipeleke mingi, kuna maji na vichaka.

Kuhusu kukubaliwa. Tuma barua pepe klabuni wiki kadhaa kabla, Kiingereza kinatosha, useme wewe ni mwanachama wa klabu fulani Ujerumani, handikapu 31, unaomba saa ya kuanza Ijumaa asubuhi, ambatanisha picha ya kadi yako na cheti cha handikapu. Ujerumani na Italia zote ziko kwenye mfumo mmoja wa handikapu wa dunia kwa hiyo namba yako wanaielewa bila kuitafsiri. Kila klabu ina haki ya kuweka kikomo, ndo maana uulize kabla na usubiri wajibu kwa maandishi. Siku yenyewe nenda na kadi halisi. Shati lenye kola, suruali ya heshima, jinzi acha hotelini. Na kwenye barua hiyo hiyo uliza kitu kimoja cha muhimu: mke wangu hachezi, anaruhusiwa kutembea na mimi uwanjani?

Maana huenda akataka. Ukishamsimulia habari ya kedi huenda akataka kuona. Akitaka, msiende mashimo yote 18, atembee na wewe tisa kisha akapumzike. Na asipotaka usimlazimishe, ana vya kufanya upande ule ule: mwambao wa Alberoni una vilima vya mchanga vinavyolindwa, ufukwe mrefu hauna kelele, na kijiji cha Malamocco kiko njiani, kidogo, kimya, watu wanaanika nguo madirishani, zamani sana kabla Venice haijawa Venice watawala wa pale walikaa eneo hilo la Malamocco, karne ya nane huko. Anaweza kukodi baiskeli pale gatini akaja nayo taratibu, kisiwa ni tambarare chote, pembeni kuna ukuta wa mawe wa kuzuia bahari wanauita Murazzi, wa karne ya 18, mtu anakaa juu yake anaangalia maji. Au alale! Mtu wa jikoni anayeamka alfajiri mwaka mzima anaweza akachagua kulala mpaka saa nne, na hiyo nayo ni safari. Achague yeye, wewe mpe tu habari. Mpangane kukutana saa nane mchana mle pamoja, na hapo stori ya gofu imefungwa, hakuna kusimulia shimo la saba mlo mzima.

Alasiri hiyo tembeeni mpaka mwisho wa kisiwa, kwenye mlango wa maji wa Malamocco. Pale ni moja ya sehemu tatu walizoweka MOSE, mageti 78 kwa jumla, yanalala chini ya maji na bahari ikitaka kujaa kupita kiasi wanayainua. Yalifanya kazi kweli kwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 2020. Huenda msiyaone maana yakiwa yamelala hayaonekani, ila kwa mtu aliyekulia kwenye maji kujaa na maji kupwa kama mkeo ni habari ya kumweleza mkiwa mmesimama hapo hapo. Oktoba ndo msimu wa maji kujaa unaanza, kwa hiyo viatu vya mpira hata vya bei rahisi siyo vibaya. Na mbu wapo, usicheke, mbu wa kule wanauma kama wa kwetu, beba dawa ya kupaka.

Jioni ya Ijumaa pandeni boti muende San Marco saa mbili, saa tatu usiku, wale watu wa safari za siku moja wameshaondoka, uwanja unabaki mpana na taa zinawaka. Msiingie mikahawa ya pale uwanjani bila kusoma bei. Tembeeni tu.

Jumamosi ni ya mkeo, mwanzo mpaka mwisho, wewe kazi yako ni kubeba mfuko. Ila kama atakuuliza ushauri, asubuhi Rialto sokoni, atakuta ngisi, kamba, kaa, dagaa, atasimama pale nakuahidi. Kuvuka mfereji mkubwa hapo sokoni kuna boti za traghetto, zimefanana na gondola, mnavuka kwa euro 2 kila mtu. Gondola yenyewe bei ya halmashauri ni euro 90 kwa nusu saa mchana, ni 90 kwa gondola nzima siyo kwa kichwa, na usiku ni 110. Miaka 10 ya ndoa mkitaka mpande, sisemi hapana, ila muulize yeye kabla hujalipa.

Chakula: aombe sarde in saor, ni dagaa wakubwa wamekaangwa wakalowekwa kwenye vitunguu vingi, siki na zabibu kavu, nilipokula mara ya kwanza nilinyamaza, nilisikia mkono wa bibi yangu. Na ule wali mweusi wa wino wa ngisi ajaribu hata kijiko kimoja. Vile vitafunio vya kusimama kaunta, cicchetti, vingine vina nyama ya nguruwe, kama hamli ulizeni kwanza, samaki wako wa kutosha.

Mchana nendeni Murano. Serikali ya Venice ilihamishia matanuri ya vioo kisiwani kule mwaka 1291, na kwenye jumba lao la makumbusho ya vioo mtaona shanga. Hapa ndo nataka mkeo afike. Karne ya 19 shanga za Venice zilikuwa zinashushwa Zanzibar kwa magunia, misafara inazibeba kwenda bara kununulia vyakula njiani, kila sehemu na rangi yake inayopendwa, nyingine wanakataa kabisa. Mtu wa Tanga, mji ambao na wenyewe misafara ilitokea pale pwani kupandisha bara, anasimama kwenye kisiwa zilikotoka zile shanga. Hiyo usiipite kwa haraka. Na anunue, ila zile za kwenye vibanda vya San Marco za euro chache nyingi hazijatengenezwa pale, anunue kwenye duka linaloonyesha tanuri lake.

Jumapili asubuhi msipange kitu, kahawa, kanisa la San Marco kwa nje mtazame wale farasi wa sanamu juu ya mlango, wale ni nakala, wa kweli wako ndani, walichukuliwa Constantinople, Istanbul ya leo, mwaka 1204, kisha mrudi stesheni.

Madogo madogo. Tiketi ya boti ukikata moja moja ni euro 9.50 kwa dakika 75, ya masaa 72 ni 45, na hiyo inafanya kazi kwenye mabasi ya Lido pia, kwa hiyo mkifika Alhamisi kateni za siku tatu, zitawafikisha Jumapili. Kila mkipanda gusisheni kwenye mashine, faini yao hawana huruma. Ile ada ya kuingia mjini mliyoisikia, mwaka 2024 na 2025 ilikuwa ya siku maalumu kati ya Aprili na Julai na ya watu wasiolala, kwa Oktoba na mnalala Lido isiwatishe, mtalipa tu kodi ya usiku hapo hotelini. Treni ya moja kwa moja kutoka Munich inachukua kama masaa sita na nusu mpaka saba kupitia Brenner, njia ya milimani, wote wawili bebeni pasipoti na kadi za ukaazi mkononi siyo ndani ya sanduku, polisi wanapita mabehewani. Kaeni dirishani, mkeo ndo akae dirishani.

Barua pepe ya klabu andika kesho. Leo akirudi kazini mpokee mfuko, mpe chai, na umsimulie habari ya yule mtoto wa Gymkhana. Na koti, usimnunulie wewe kwa kumshtukiza, mwambie duka lile bado lipo, mwende wote Jumamosi hii akachague.